Fensi ya Mawe Yaliyotupwa: Jinsi Wanakijiji wa Wales Walivyozungushia Mashamba Yao



Ukitaka kusikia maneno mengi kijijini, taja fensi. Nguzo za mtarakwa ni ghali na miti yenyewe inaisha. Nguzo za miti laini huliwa na mchwa kabla hata mkopo wa kuzinunua haujalipwa. Seng'enge nayo haishikiki bei. Halafu mbuzi wa jirani wakiingia kwenye sukumawiki za kikundi, ujirani wa miaka mingi unaharibika kwa asubuhi moja tu.

Ndiyo maana safari hii tumeona vyema tuwaletee habari ya fensi ya namna ya pekee. Haina nguzo ya mti hata moja. Imetengenezwa kwa mawe bapa yaliyosimamishwa wima, moja kando ya jingine, kisha yakafungwa pamoja kwa waya karibu na ncha za juu. Na mawe yenyewe yalikuwa takataka. Fensi hizi ziko Wales, na desturi ya kuzijenga ilienea huko katika karne ya 19.

Hatuwaambii mwende mkajenge zinazofanana nazo. Tunataka mwone jinsi watu wasio na mali walivyotumia kitu kilicholala karibu nao, na tena mwone ni kitu gani kidogo kinachofanya fensi hizo zianguke.

WALES NI WAPI, NA SLETI NI NINI?

Wales ni mojawapo ya nchi nne zinazofanya ule ufalme ambao sisi tumezoea kuuita Uingereza. Iko upande wa magharibi, na watu wake ni kama milioni 3. Wana lugha yao wenyewe, Kiwelshi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo kuna milima mirefu, mvua nyingi, upepo mkali na kondoo wengi. Huko ndiko tunakokwenda leo.

Mkristo akisoma ramani ya sehemu hizo atashangaa kidogo. Kuna kijiji kinaitwa Bethesda, kingine Bethel, kingine Nebo, kingine Carmel. Bethesda ilipata jina lake kutokana na kanisa lililojengwa hapo mwaka wa 1820, na mji ukakua kulizunguka. Watu waliojaza makanisa hayo walikuwa wachimba mawe pamoja na jamaa zao.

Jiwe walilochimba ni sleti. Wazee wetu waliosoma zamani wanalikumbuka jina hili, maana waliandika hesabu kwenye kibao cheusi cha jiwe wakafuta na kuandika tena. Kibao hicho kiliitwa sleti kwa sababu kilitengenezwa kwa jiwe hilo. Huko Wales pia zilitengenezwa sleti za shule, lakini kazi kubwa ya jiwe hili ilikuwa kuezekea nyumba.

Sleti ilianza kama matope laini yaliyotua chini ya bahari, mengine zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Matope hayo yalifunikwa na mengine, yakagandamizwa kwa nguvu na joto la ndani ya dunia mpaka yakawa jiwe gumu. Kwa sababu ya kugandamizwa huko, jiwe hili lina tabia moja nzuri: ukiligonga kwa patasi mahali panapofaa, linapasuka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Fundi hodari aliweza kupasua bonge moja akapata vigae vingi vyembamba, laini, visivyopitisha maji.

MILIMA YA TAKATAKA

Katika karne ya 19 miji ya Uingereza na ng'ambo ilikuwa inakua haraka, na kila nyumba ilihitaji paa. Machimbo ya Wales yakawa makubwa ajabu. Chimbo la Penrhyn karibu na Bethesda na chimbo la Dinorwig karibu na Llanberis yalikuwa makubwa kuliko yote, na kila moja liliandika maelfu ya wafanyakazi. Mwaka wa 1898, wakati kazi ilipokuwa imefika kilele, machimbo ya Wales yalikuwa na watu kama 17,000, na yalitoa karibu tani nusu milioni za sleti kwa mwaka huo mmoja.

Lakini si kila jiwe lililopasuliwa lilifaa kwa paa. Jingine lilikuwa na ufa, jingine lilikuwa nene mno, jingine lilivunjika mikononi mwa fundi. Kwa kila tani moja ya vigae vizuri, tani kumi au zaidi za mawe zilitupwa. Hebu fikirini, ndugu zetu: tani moja sokoni, tani kumi jalalani! Mabaki hayo yalimwagwa kando ya machimbo mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa vilima vya rangi ya kijivu na zambarau ambavyo mtu huviona hata leo kutoka mbali.

Ndani ya mabaki hayo mlikuwa na vipande virefu, bapa, vya urefu wa mtu mfupi hivi au chini yake. Kwa mwenye chimbo havikuwa na soko. Kwa mwenye shamba dogo lililo karibu, hivyo vilikuwa fensi tayari.

WACHIMBA MAWE WALIOKUWA PIA WAKULIMA

Wengi wa wachimba mawe walikuwa na kazi mbili. Mchana walikuwa chimboni. Jioni na siku za mapumziko walikuwa kwenye vishamba vyao mlimani, vya ekari chache tu, au hata chini ya hapo. Walifuga ng'ombe mmoja au wawili, nguruwe, na kondoo wachache, wakapanda viazi na kukata nyasi za kulisha mifugo wakati wa baridi. Mara nyingi mama wa nyumbani na watoto ndio walioendesha kishamba baba akiwa kazini. Hali hii wasomaji wetu wanaijua vizuri. Mshahara peke yake haukutosha, na shamba peke yake halikutosha.

Mfano mzuri ni kijiji cha Mynydd Llandygai, juu ya Bethesda. Huko nyumba za wachimba mawe zimepangwa kwa mistari, na kila nyumba ina kipande chembamba kirefu cha ardhi. Ardhi ilikuwa ya tajiri mwenye chimbo, nao walikuwa wapangaji tu. Kilichogawanya kipande kimoja na kingine mara nyingi kilikuwa ni hiyo fensi ya sleti, ambayo kwa Kiwelshi mawe yake huitwa crawiau.

Kondoo wa milima ya Wales si mnyama wa kuchezea. Ni mdogo, ni mwepesi, na akiona majani ya viazi upande wa pili atatafuta njia mpaka aipate. Bila fensi imara, chakula cha jamaa nzima kingeliwa usiku mmoja.

JINSI FENSI INAVYOJENGWA

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, ingawa inataka nguvu na jicho zuri. Inakwenda hivi:

1. Kuchagua mawe. Hutafutwa mawe marefu, bapa, yenye unene wa inchi moja au mbili na upana wa kama shibiri moja. Hayachongwi ili yafanane. Moja likiwa refu na jingine fupi, moja likiwa limechongoka juu na jingine butu, si neno.

2. Kuchimba mtaro. Mtaro mwembamba huchimbwa kwa kufuata mpaka. Ukiwa mfupi kwenda chini, fensi italala mvua zikinyesha.

3. Kusimamisha. Kila jiwe husimamishwa wima ndani ya mtaro, na sehemu nzuri ya urefu wake huzikwa. Juu ya ardhi hubaki kama mita moja, zaidi au pungufu. Kati ya jiwe na jiwe huachwa nafasi ndogo ambayo mwana-kondoo hawezi kupenya.

4. Kushindilia. Udongo na vijiwe vidogo hurudishwa mtaroni na kushindiliwa kwa nguvu pande zote mbili.

5. Kufunga waya. Karibu na ncha za juu, waya mmoja hupita mbele ya mawe na mwingine nyuma. Kila mahali penye nafasi, nyaya hizo mbili husokotwa pamoja ndipo zipite jiwe linalofuata. Hivyo kila jiwe linakumbatiwa na waya, na linashikana na wenzake wa kulia na kushoto.

Hakuna saruji. Hakuna misumari. Jiwe moja likivunjika, waya hufunguliwa mahali pale, jiwe jingine huwekwa, kisha waya husokotwa tena.

KWA NINI ILIFAA MAHALI PALE

Tukitazama vizuri tutaona kwamba fensi hii haikuzuka hivi hivi. Ililingana na mahali ilipokuwa.

Kwanza, miti ilikuwa michache juu ya milima ile, na kwa mvua ya huko nguzo ya mti huoza upesi. Sleti haiozi, haili na mchwa, wala hainyonyi maji.

Pili, haikula ardhi. Ukuta wa mawe ya kawaida au tuta la udongo huchukua upana wa hatua moja au mbili. Fensi ya sleti huchukua upana wa kiganja. Kwa mtu mwenye kishamba chembamba, hiyo ni mistari kadhaa ya viazi.

Tatu, upepo hupita katika zile nafasi. Kizuizi kilichozibwa kabisa hupigwa na upepo wote, lakini hiki hupunguza upepo bila kuupinga.

Nne, ujuzi ulikuwepo. Mtu aliyepasua sleti siku nzima kwa mshahara hakuhitaji kufundishwa namna ya kushika jiwe bapa bila kulivunja.

Lakini tusisifu mno. Sleti ni nzito, na mbali na machimbo gharama ya kuibeba huzidi faida. Kwa hiyo fensi hizi ni alama ya sehemu zile zenye sleti. Tena jiwe hili halipindi: likigongwa sana, kwa mfano na tingatinga au fahali, huvunjika. Kila fensi ina udhaifu wake.

TATIZO LA FENSI HII NI WAYA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila kikundi kilisikie vizuri.

Jiwe la sleti linaweza kukaa ardhini miaka mia moja na zaidi bila kubadilika. Waya hauwezi. Katika mvua ya Wales waya hushika kutu, hukonda, na mwishowe hukatika. Waya ukikatika, mawe hayavunjiki siku hiyo. Yanasimama kama kwamba hakuna lililotokea. Kisha moja huanza kuinama. Kondoo hujikuna hapo, jiwe huinama zaidi. La pili, likiwa halina tena wa kulishika, hufuata. Baada ya miaka michache kuna pengo, na fensi yote iliyojengwa kwa jasho inaonekana kama mdomo wa mzee uliobakiwa na meno matatu.

Mtu akipita hapo atasema mawe yamechoka. Si kweli! Mawe bado ni mazima. Kilichokosekana ni waya wa pesa kidogo na nusu siku ya kazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wakati wachimba mawe walipokuwa wengi, kulikuwa na mikono ya kufanya kazi hiyo ndogo. Lakini machimbo yalipofungwa, vijana walihama. Chimbo la Dinorwig lilifungwa mwaka wa 1969. Vishamba vingi viliunganishwa au kuachwa. Mwenye shamba alipoona pengo, mara nyingi aliona ni haraka zaidi kuweka nguzo za mbao na waya wa kiwandani. Hivyo fensi za sleti zikapungua, na pamoja nazo watu wanaojua kuzitengeneza.

Hebu tujiulize: ni miradi mingapi hapa kwetu iliyokufa kwa njia hiyo? Tangi la maji ni zima, paa ni zima, lakini bomba la shilingi chache limevuja mwaka mzima bila mtu kulishughulikia. Pampu imelala kwa sababu ya mpira mmoja ndani. Posho mill imesimama kwa ajili ya mkanda. Vitu vikubwa tulivinunua kwa harambee, na spika akaja na picha zikapigwa. Kitu kidogo kinachovishikanisha hatukukiwekea pesa.

UPANDE MCHUNGU WA HABARI HII

Tungekuwa tunawadanganya kama tungeeleza uzuri wa fensi hizi bila kutaja maisha ya waliozijenga.

Tajiri aliyelikuza chimbo la Penrhyn kuanzia miaka ya 1780 aliitwa Richard Pennant, aliyepewa cheo cha Lord Penrhyn. Jamaa yake ilipata utajiri kutokana na mashamba ya miwa huko Jamaica, yaliyolimwa na watumwa waliotolewa kwetu Afrika na wazao wao. Yeye mwenyewe alisimama bungeni kupinga kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Kwa hiyo jasho la Waafrika limo ndani ya mwanzo wa machimbo yale. Leo jambo hili linasemwa wazi huko Wales, na ni vyema sisi nasi tulijue.

Wachimba mawe wenyewe walikuwa na shida zao. Walifanya kazi kwa vikundi vidogo. Kila kikundi kilipewa sehemu yake ya mwamba, na kila mwezi kilipatana bei na msimamizi. Kama msimamizi alikupendelea, ulipewa mwamba mzuri. Kama alikuchukia, ulikula hasara. Ugomvi juu ya mambo hayo na juu ya haki ya kuwa na chama ulileta mgomo mkubwa huko Penrhyn. Mnamo Novemba 1900 watu wapatao 2,800 waliacha kazi, na mgomo ukaendelea hadi Novemba 1903.

Katika miaka hiyo mitatu kwaya za Bethesda zilizunguka miji mingi zikiimba ili kuchangisha pesa za chakula. Wengine walienda kusini kuchimba makaa ya mawe. Baadhi walirudi kazini mwaka wa 1901, na hapo jamii ikapasuka katikati. Kwenye madirisha ya nyumba za waliogoma kulibandikwa karatasi zilizosema kwamba ndani ya nyumba ile hakuna msaliti. Majirani waliopakana kwa fensi moja wakaacha kusalimiana, na uchungu huo ukaendelea hadi kwa watoto na wajukuu. Mwishowe waligoma bila kupata walichodai.

Tena kulikuwa na vumbi. Vumbi la sleti likiingia kwenye mapafu huyaharibu polepole, na mtu hukosa pumzi akiwa bado na umri wa kufanya kazi. Kwa miaka mingi kulikuwa na madaktari wa machimbo waliodai kwamba vumbi hilo halina madhara, wakalaumu chai iliyochemshwa mno! Ni mwaka wa 1979 tu ambapo ilipitishwa sheria ya kuwalipa fidia wagonjwa hao na wajane wao ambao makampuni yao yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Kwa hiyo, wale wasomaji wetu wanaokata mawe ya kujengea, sikieni neno hili: vumbi la mawe ni hatari hata kama hulioni likikuumiza leo. Lowesha jiwe kwa maji kabla ya kulikata. Kaeni upande unakotoka upepo. Tumieni kifuniko cha pua kinachofaa, maana kitambaa peke yake hakitoshi. Na mwenye kikohozi kisichoisha aende hospitali mapema.

WALIKUWA NA VIKUNDI KAMA VYETU

Pamoja na shida hizo, watu hawa walijua kukaa pamoja. Chimboni kulikuwa na kibanda cha kulia chakula cha mchana, walichokiita caban. Huko hawakula tu. Walichagua mwenyekiti, wakajadili habari za siasa na za Biblia, wakashindana kwa nyimbo na mashairi. Baadhi waliandika hata kumbukumbu za mikutano, kama vile katibu wa kikundi chenu anavyofanya.

Walichanga pia. Chuo kikuu cha Bangor kilipofunguliwa mwaka wa 1884, sehemu ya pesa ilitoka kwa wakulima na wachimba mawe wa kawaida, waliotoa senti zao kidogo kidogo kutoka kwa mshahara wa jasho. Wengi wao hawangeweza kuingia chuoni. Walitoa kwa ajili ya watoto. Sisi tuliojenga shule na zahanati kwa harambee tunalielewa jambo hilo bila kuambiwa.

FENSI IMEKUWA URITHI WA DUNIA

Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliandika sehemu za sleti za kaskazini-magharibi mwa Wales katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hawakuandika machimbo peke yake. Waliandika nchi yenyewe: vijiji, makanisa, reli ndogo zilizopeleka mawe baharini, pamoja na vile vishamba vya wachimba mawe. Mynydd Llandygai imo ndani. Hivyo fensi iliyojengwa kwa takataka na mpangaji maskini sasa inahesabiwa kuwa sehemu ya mali ya wanadamu wote. Zaburi ya 118 inataja jiwe ambalo waashi walilikataa, na wasomaji wetu wanajua lilifikia wapi.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Hapa Kenya tuna Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, iliyoandikwa kwenye orodha hiyo hiyo mwaka wa 2018, miaka mitatu kabla ya Wales. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji miaka ipatayo 500 iliyopita ili kulinda watu na mifugo. Ukuta una upande wa nje na upande wa ndani, na katikati mna mawe madogo yanayoshikanisha pande hizo mbili. Maboma hayo yamesimama kwa sababu kila kizazi kilichoishi hapo kilirudishia mawe yaliyoanguka.

Jambo ni lile lile kule na huku. Urithi haukai kwa sababu umeandikwa kwenye orodha. Unakaa kwa sababu kuna mtu anayeutengeneza.

TUJIFUNZE NINI?

Sisi tunaona mambo matatu.

La kwanza, tazameni kwanza kilichotupwa karibu nanyi. Watu wa Mazeras wana mawe bapa. Watu wa Tabaka wana mabaki ya mawe ya sabuni. Karibu na mashamba ya mkonge kuna miti ya mkonge iliyokwisha kutoa maua. Pwani kuna makumbi. Si kila kitu kitafaa kwa fensi, na kingine hakitafaa kwa lolote. Lakini kikundi kisitoe pesa dukani kabla ya kutembea kilomita mbili kuzunguka kijiji na kuuliza: hiki kinatupwa kwa nini? Na kama kina mwenyewe, ombeni ruhusa kwanza.

La pili, msiige. Kaiyaba yako iliyokatwa vizuri inaweza kuwa bora kuliko sleti ya Wales, kwa sababu ni ya hapa. Wawelshi hawakuiga mtu.

La tatu, wekeni pesa na siku ya kutengeneza. Mkipanga bajeti ya mradi wowote, andikeni mstari mmoja wa matengenezo, hata kama ni kidogo. Kisha chagueni siku moja kila baada ya mvua ambapo wanachama wote watapita kando ya fensi, tangi au mfereji, wakiangalia kile kitu kidogo kinachoshikilia vingine. Siku hiyo iandikwe kwenye kitabu cha kikundi pamoja na jina la atakayesimamia. Kazi isiyo na jina la mtu haifanywi na yeyote.

Na katika mambo ya mpaka, ni vizuri wenye mashamba mawili wapite pamoja. Wakikutana kwenye jiwe lililoinama wakati bado limeinama tu, watatengeneza na kuendelea na safari. Wakikutana baada ya mbuzi kula mboga, watakutana kwa chifu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni kitu gani kinachotupwa katika kijiji chetu ambacho kinaweza kutumika? Nani ana ruhusa ya kukitoa?

2. Katika mradi wetu, "mawe" ni nini, na "waya" ni nini? Waya huo ulitazamwa lini mara ya mwisho?

3. Ni kazi gani ya mikono ambayo wazee wetu waliijua na vijana hawaijui? Nani anaweza kuifundisha kabla hajachoka?

4. Wachimba mawe wa Bethesda waligawanyika wakaacha kusalimiana. Je, sisi tuna kesi ya zamani inayozuia watu kufanya kazi pamoja? Tufanye nini?

5. Tuchague siku gani ya matengenezo baada ya mvua zijazo, na nani atasimamia?

Tunawatakia mazungumzo mema na kazi njema. Mungu abariki mikono yenu.